Siku Tuliyompeleka Mama Kuiona Chemchemi

Mama alitaka kitu kimoja tu, nami nilikuwa nimemwahidi. Alitaka kuiona chemchemi ya bondeni, kule Njombe mjini, kabla jicho lake la pili halijafunga.

La kwanza lilikuwa limeshafunga. Tulimpeleka hadi hospitali ya Ikonda, tukakaa kwenye benchi pamoja na wagonjwa waliotoka mbali kuliko sisi, tukaambiwa ni presha ya macho na kwamba tumechelewa. Dawa za matone zingesogeza siku mbele, basi. Mama alisikiliza yote kwa adabu, mikono mapajani. Tulipokuwa njiani kurudi nyumbani Makambako akanishika mkono akasema, "Kabla halijafunga na hili, nipeleke nikaone kama yale maji bado yanatoka." Hakutaja kanisa lake la zamani. Hakutaja kaburi la baba, wala kaka zangu walioko mbali. Maji! Nakiri nilikasirika kidogo, maana nilikuwa nimejiandaa kusikia jambo la kunitoa machozi.

Asiyetoka kwetu huenda asielewe, kwa hiyo nieleze. Huku juu kwenye baridi watu hulima mara mbili kwa mwaka. Wakati wa mvua hulima milimani, na kiangazi kikiingia hushuka mabondeni kwenye unyevu, wakalima vishamba vidogo tunavyoviita vinyungu. Mama alikuwa na kinyungu chake katika bonde lililopita katikati ya mji, mteremko mmoja tu kutoka nyumba tuliyokaa, mtaa wa Ramadhani. Viazi, njegere, maboga, na mahindi mabichi ya kula Krismasi wakati wenzetu wa milimani ndio kwanza wanapalilia. Sare zangu zote za shule zilitoka kwenye tope lile.

Juu kabisa ya bonde, chini ya miti ya mivengi, ndipo ilipokuwa chemchemi. Wanawake wenye vinyungu walimkabidhi mama usimamizi wake baada ya bibi mzaa baba kuzeeka. Usimamizi wenyewe haukuwa na cheo wala karatasi, ila ulikuwa na sheria. Kila mwaka, kabla jembe la kwanza halijagusa bonde, wote walikwenda asubuhi moja kuisafisha. Chuma hakikuingia kwenye chemchemi, si jembe, si panga, si sufuria. Tope lilitolewa kwa mikono na kwa kibuyu kilichokatwa, na halikutolewa lote. Hakuna aliyelima kuanzia chemchemi mpaka mvengi wa mwisho. Mwanamke ambaye hakutokea siku hiyo hakusalimiwa, hata "kamwene" ya njiani hakuipata, mpaka aende peke yake akamalize sehemu aliyoachiwa. Nimewahi kumwona mama akipishana na rafiki yake mpenzi mlangoni mwa kanisa, macho mbele, kwa sababu ya ndoo tatu za tope.

Niliichukia siku ile kuliko mtihani wa hesabu. Mama alinipeleka kwa kuwa mikono ya mtoto inapenya katikati ya mizizi. Maji ya Julai alfajiri, na wewe umeinama, na vidole huvisikii! Nililia kila mwaka, na kila mwaka aliniambia kwamba machozi ni ya chumvi, nisiyadondoshee humo.

Halafu, miaka ya karibuni, bonde likawa hifadhi. Watu wa mradi walikuja na kamba za kupimia, wakapiga vigingi, wakaitisha mikutano. Wenye vinyungu waliambiwa waondoke. Nisiseme uongo, wapo walioliharibu kweli. Mji ulikua, wakaja wengine wasiojua sheria yoyote, wakapanda miti ya milingoti inayokunywa maji usiku na mchana, wakamwaga takataka, wakalima mpaka ukingoni mwa mto. Lakini wote tuliwekwa kapu moja. Baba alikuwa ameshafariki, mama akafunga mizigo yake akaja kukaa nasi Makambako, na wala sikumsikia akilalamika. Nililalamika mimi, kwa niaba yake, miaka yote hiyo, mbele ya yeyote aliyekubali kusikiliza.

Basi tulipanga Jumamosi moja ya Julai, shule zikiwa zimefungwa. Tulikuwa wanne. Mimi, mume wangu, mama, na binti yetu wa darasa la tano. Mume wangu aliazima gari kwa mwenzake wa kazini. Tulikubaliana kuondoka saa moja asubuhi. Saa kumi na moja alfajiri mama alikuwa ameketi kitandani, viatu miguuni, kitambaa cheupe cha kanisani kichwani, sweta mbili na kitenge juu yake. Gari lilifika saa nne, halafu tukagundua gurudumu la nyuma halina upepo. Mume wangu akaenda kulijaza huku akinipungia mkono kana kwamba tunaenda harusini. Mtu huyu ni wa Ludewa, wa ziwani kabisa, hana haraka na chochote duniani isipokuwa samaki aliyeiva. Mama alikaa na viatu vyake.

Tuliingia Njombe katika ukungu na manyunyu. Mume wangu, aliyevaa makoti mawili, akatania kama kawaida yake. "Mama, sasa hilo bonde tutalionaje? Wabena mmeficha hata maji yenu?"

"Usijali, baba," mama akamjibu kwa upole, akiangalia magoti yake. Kwa mkwe wake mama ana adabu ya zamani. Hamkazii macho, hapandishi sauti mbele yake, na jambo la kumwaibisha mtu hulimeza mpaka mkwe aondoke. Nilikua nikiona wanawake wote wa rika lake wakiishi hivyo na wakwe zao, nikadhani nimeuelewa utaratibu huo.

Langoni tulimkuta mlinzi. Alikuwa na heshima zote, ila hakuwa na ufunguo wa kutuingiza. Malipo ni kwa namba ya kumbukumbu, namba inatoka kwenye kompyuta, na mtandao umekata. Je, hatuwezi kulipa mkononi? Hapana, mkononi ni marufuku. Je, mama anaweza kukaa ndani kwenye kibanda tukisubiri mtandao? Hapana, ndani ni kwa waliolipa. Je, kuna kiti? Kiti kilikuwa kimoja, na alikuwa amekikalia yeye. Nikamtazama mpaka akainuka.

Tulisubiri zaidi ya saa nzima. Binti yangu aliomba chipsi, akaomba choo, akaomba simu. Mume wangu alipiga picha ya lango, ya ukungu na ya mlinzi. Mtandao uliporudi, mlinzi akatukagua, akakuta chungu cha viazi vya kuchemsha ambacho mama alikipika usiku ili tule bondeni kama zamani.

"Chakula hakiruhusiwi, mama. Wanyama wanazoea."

"Wanyama gani?" nikauliza.

"Ndege," akasema.

Nikarudisha chungu kwenye gari na kuubamiza mlango, gari la watu. Mume wangu akaniambia taratibu kwamba hasira hasara. Nikamwambia anyamaze, naijua methali hiyo.

Mwongozaji wetu alikuwa msichana, mhitimu wa chuo bila shaka, buti za mpira mguuni, daftari kifuani. Alimwinamia mama, "Shikamoo, bibi," akatuambia, "Karibuni sana kwenye hifadhi yetu." Yetu! Nikalimeza. Kusema haki, alikuwa msichana mzuri. Aliona mama haoni vizuri, akapunguza mwendo bila kuambiwa.

Kuna njia ya mbao waliyoijenga juu ya majimaji, na siku hiyo ilikuwa inateleza kama sahani yenye sabuni. Mama alinishika mkono. Jicho lake linaona katikati tu, pembeni kote ni giza, kwa hiyo alikuwa akigeuza kichwa huku na huku kama mtu anayetafuta kitu kilichodondoka. Aliomba avue viatu atembee pembeni, kwenye ardhi, ambako miguu yake inajua njia. Msichana akasema samahani sana, hairuhusiwi kukanyaga uoto. Mama akasema haya.

Tukaoneshwa korongo wawili kwa mbali, au pengine vilikuwa vigingi, ukungu haukuruhusu kujua. Tukaoneshwa matete. Tulipofika kwenye mivengi, msichana akaugonga mti mmoja kwa mapenzi akasema, "Hii ni miti rafiki wa maji. Hii yote ni ya asili, imejiotea yenyewe."

Mama akaachia mkono wangu, akaupapasa mti. Akaenda kwenye wa pili, akaupapasa nao.

"Ule niliukuta," akasema. "Huu nimeupanda mimi. Nilikuwa na mimba ya huyu." Akanionesha kwa kidevu.

Msichana akacheka kwa adabu, kama mtu anavyocheka na bibi yake. Hakuandika kitu kwenye daftari. Nikasikia joto linanipanda shingoni, nikasema, "Hakutanii." Lakini alikuwa ameshageuka kumsaidia binti yangu asiteleze.

Hatua chache mbele kulikuwa na ubao mkubwa uliopigwa rangi, wenye picha na maandishi. Kichwa chake kilisema historia ya bonde. Mama aliposikia kuna ubao wa historia, uso wake ulibadilika. Akajiweka sawa kitambaa.

"Nisomee," akasema.

Nikasoma kimya kwanza. Ubao ulisema kwamba hapo zamani bonde hili lilikuwa pori zuri lenye maji mengi. Kwamba baadaye wakulima walilivamia, wakaliharibu kwa kilimo kisicho na utaratibu na kwa kutojua thamani ya vyanzo vya maji. Kwamba mradi ulifika, ukawaondoa wavamizi, ukaiokoa chemchemi. Kulikuwa na picha ya mwanamke mwenye jembe, amechorwa vibaya, ameinama, na alama kubwa nyekundu ya mkato imepita mgongoni mwake.

Ningefanya nini? Nikasoma kwa sauti. Nikasoma kwamba hapo zamani bonde hili lilitunzwa na wanawake wa mtaa. Kwamba walikuwa na sheria zao za kuisafisha chemchemi. Nilikuwa naongeza na jambo la kibuyu, maneno yananijia vizuri kuliko nilivyotarajia, mama anaitikia kwa kichwa taratibu, ndipo binti yangu aliponivuta sweta.

"Mama, haijaandikwa hivyo. Imeandikwa wavamizi."

Nilimkata jicho ambalo sijawahi kumkata. Akaiachia sweta. Mume wangu akaanza kuongea juu ya kamera yake. Mama aliendelea kuutazama ubao ambao hakuuona, kisha akasema, "Ahsante, mwanangu. Twende kwenye maji."

Nilijua kuwa amesikia. Alijua kuwa najua. Kuanzia hapo sikuwa na hasira tena, nilikuwa nimevuka hasira, nilikuwa natafuta tu mtu wa kumrushia. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, sawa, lakini mama alikuwa mgeni wa nani pale?

Njia ya mbao iliishia kwenye kamba ya bluu iliyofungwa kati ya nguzo mbili. Ng'ambo yake, hatua kumi na tano hivi, niliona mduara wa zege na nyasi zilizoukumbatia. Hapo ndipo penyewe. Palikuwa padogo kuliko nilivyopakumbuka. Na palikuwa kimya, hilo ndilo nililoligundua mwishoni, kwa sababu chemchemi yetu ilikuwa na sauti yake ya chinichini, kama mtu anayeongea peke yake jikoni.

Mama naye alikuwa akiisikiliza sauti isiyokuwepo.

"Bibi, hapa ndipo mwisho wa wageni," msichana akasema. Kisha akashusha sauti, akawa si mwongozaji tena. "Na kwa kweli hata ningewapeleka, hakuna cha kuona. Walipoijengea zege, maji yalitoka vizuri kama miaka miwili. Yakaanza kupungua. Sasa kiangazi hayatoki kabisa. Wataalamu wamekuja na vipimo vyao mara mbili. Hatujui tatizo ni nini."

Mama akasema, "Yamekwenda wapi?"

"Ndilo tunalotafuta, bibi." Akamsogelea. Alikuwa amefungua daftari. "Bibi, ni kweli ulikuwa unalima hapa? Unakumbuka zamani mlikuwa mnafanyaje? Kama unakumbuka, nimpigie bosi sasa hivi nimwambie kuna mtu anayeijua chemchemi. Atakubali nikuvushe. Utaishika kwa mkono wako."

Nimeirudia dakika ile mara nyingi. Mama alikuwa amefungua mdomo. Nilimwona. Alikuwa amevuta pumzi kabisa, na mkono wake juu ya mkono wangu ulikuwa umekaza.

Nikajibu mimi.

"Mama hakumbuki kitu," nikasema. "Ni mzee, haoni, na mambo yenyewe ni ya zamani. Si mmeandika hapo kwenye ubao kwamba walikuwa wavamizi, hawajui thamani ya maji? Sasa mvamizi mnamuuliza nini? Waulizeni wataalamu wenu."

Nilisema kwa sauti kubwa. Nikaona raha, na raha hiyo ilidumu pengine muda wa kuvuka barabara. Msichana alikunja daftari. Akasema, "Samahani, dada, ubao si mimi niliyeandika." Akamwangalia mama, akangoja kidogo. Ningekuwa na akili ningeangalia nami.

Mama alifunga mdomo. Mume wangu alikuwa amesimama palepale, hatua mbili, kamera mkononi, na mama asingemkanusha bintiye mtu mzima mbele ya mkwe, hata kwa chemchemi. Mkono wake ukatoka juu ya mkono wangu. Akageuka mwenyewe na kuanza kurudi akipapasa ukingo wa njia ya mbao, na alipoyumba ni msichana aliyemdaka, si mimi.

Langoni msichana alimuaga, "Bibi, karibu tena." Mama akamshika mikono yote miwili kwa muda mrefu. Nilidhani ni adabu tu.

Tulikula viazi vya baridi ndani ya gari, madirisha yamejaa mvuke. Binti yangu aliuliza kama amefanya kosa, na baba yake akamwambia hapana. Tukaondoka. Nje ya mji, mume wangu aliona wanawake wanauza parachichi kando ya barabara, akasimamisha gari, akashuka na mtoto ili wakachague. Aliponyoosha miguu hatua kadhaa mbali nasi, mama akaongea. Alikuwa amengoja hilo tu.

"Pale kwenye ubao ulinisomea uongo," akasema, kwa sauti ile ile anayosomea maandiko. "Nikanyamaza. Nikasema mtoto ananihurumia. Si vibaya. Yaliyoandikwa pale nilisomewa usoni siku ya mkutano, nikiwa na macho mawili, na sikufa."

"Mama, nili—"

"Ngoja. Yule msichana aliniuliza mimi. Hakukuuliza wewe. Tangu tuondolewe mle bondeni hakuna mtu aliyewahi kuniuliza kitu kuhusu yale maji. Hakuna. Wewe hujaniuliza. Mchungaji hajaniuliza. Yeye ni wa kwanza, mtoto wa watu, na ameniita mtu anayejua. Ukamwambia sikumbuki."

Nilitaka kumwambia kwamba nilikuwa namtetea.

"Ningemwambia asihangaike na zege," mama akaendelea. "Maji hayapendi kubanwa, yamehama tu, hayajaenda mbali. Aende alfajiri, siku ya barafu, kabla jua halijatoka. Majani yote ya bondeni yatakuwa meupe. Kutakuwa na mahali pamoja hayakuganda, pamebaki kijani. Maji yapo chini ya hapo, yana joto lake. Hata bibi yako alinionesha hivyo, mwaka yalipohama mara ya kwanza. Ningemwonesha na upande wa kuanzia kutafuta, kama angenivusha. Nilitaka kuyashika, mwanangu."

Mume wangu alikuwa anarudi na parachichi kwenye mfuko, anacheka na binti yetu. Nikashuka mbio nikamwambia tugeuze, turudi, sasa hivi. Akaangalia saa. Hifadhi ilikuwa imeshafungwa, tuliiona saa ya kufunga langoni tulipokuwa tukisubiri, na gari la watu lilitakiwa Makambako kabla ya giza. Nikamwambia kesho. Akasema kesho ni Jumapili, mwenye gari analihitaji. Niliporudi kukaa, mama alikuwa ameegemeza kichwa kwenye kioo, mnyenyekevu kabisa, akamwambia mkwe wake parachichi ni nzuri, Mungu ambariki.

Nilijaribu. Naandika hili ili isionekane kwamba nilikaa tu. Jumamosi iliyofuata nilimwambia mama twende kwa basi, mimi na yeye peke yetu, bila mkwe. Akasema goti linamuuma. Jumamosi nyingine akasema hali ya hewa. Mara ya tatu alisema, kwa upole, "Nimeshaona, mwanangu," na sikuweza kumuuliza tena.

Nikaenda peke yangu. Mtandao siku hiyo ulikuwa mzuri, niliingia bila kusubiri, na msichana hakuwepo. Amekwenda kusoma, mlinzi alisema, hajui atarudi lini, namba yake hawezi kunipa. Bosi yuko kikaoni. Nilimweleza mlinzi mambo ya barafu na majani ya kijani. Alinisikiliza vizuri, akainua kiti chake akanipa, halafu akaniletea kitabu cha wageni akasema niandike humo, viongozi hukisoma. Kilikuwa na mistari. Jina, unakotoka, maoni. Sehemu ya maoni ilikuwa na upana wa vidole vitatu. Juu yangu mtu ameandika "pazuri sana", mwingine "ongezeni vyoo". Niliandika jina la mama, nikaandika Ramadhani badala ya Makambako, nikajaza maelezo mpaka pembeni na nyuma ya ukurasa, maandishi madogo, kalamu ya mlinzi ikikwaruza. Sijui kama kuna aliyesoma. Barafu ya mwaka ule ilikwisha, ikaja nyingine.

Jicho la mama lilifunga mwaka ule ule wa safari, kabla ya mvua za kwanza. Halikumshtua. Anajua nyumba yetu kwa mikono, anamenya viazi vizuri kuliko mimi, anaimba kwaya ya wazee Jumapili. Watu wanamtembelea sana, wa kanisani, majirani, ndugu wa Lupembe alikochuma chai ujanani. Anawapokea wote. Ila kuna jambo moja ambalo wageni hawalioni, nami siwezi kuacha kuliona. Mgeni akimuuliza kitu chochote, amelalaje, anapenda chai ya maziwa au ya rangi, alizaliwa wapi, mama hajibu. Anageuza uso wake polepole kuelekea mahali anaposikia pumzi yangu, anatulia, na anangoja nijibu mimi.